Sura ya Sita: Shahidi Asiyejua Kuwa ni Shahidi

Tarikhi ya wakuu haikosi waandishi. Mtu anayetaka kujua ni lini Wajerumani walijenga shule yao huko Tanga, au ni mwaka gani reli ya kati ilifika Kigoma, atapata jibu lake vitabuni bila taabu kubwa. Bali mtu anayetaka kujua wakazi wa miji hiyo walinunua unga kwa bei gani siku hizo, walivaa nini walipoalikwa arusini, walishindana juu ya mambo gani katika mabaraza yao, na waliwakanya vijana wao wasifanye nini, ataona milango mingi imefungwa mbele yake. Nyaraka za serikali huandika kodi iliyokusanywa, na aghalabu hazitaji kilichouzwa nyumbani ili kodi hiyo ipatikane. Vitabu vya wasafiri husimulia yaliyowashangaza wageni, na jambo la kila siku ndilo lisilomshangaza mtu hata akaona haja ya kuliandika. Na wazee wetu, ambao ni hazina ya kwanza ya kumbukumbu, huondoka duniani mmoja baada ya mmoja, nao waliobaki hukumbuka yale ambayo miaka iliyofuata imewaachia kuyakumbuka.

Gazeti la kale limesimama mahali pasipofikiwa na hata mmoja wa mashahidi hao. Liliandikwa kwa ajili ya watu wa mwezi wake, likasomwa, likafungiwa chumvi na sukari dukani, likasahauliwa. Wala halikudhani kwamba baada ya miaka mia atakuja mtu asiyezaliwa bado, alifungue na kuliuliza maswali. Kulisoma leo ni kama kuwasikiliza majirani wakizungumza nyuma ya kiambaza: hawatuhutubii sisi, na kwa sababu hiyo hasa maneno yao yana insafu ambayo hotuba haina. Kauli ya sura hii, basi, ni kwamba katika magazeti ya kale ya Kiswahili yenye kuaminika kuliko yote si yale ambayo mhariri alikusudia kuyafundisha, bali ni yale yaliyompita alipokuwa akifundisha. Na kwamba yakikusanywa hayo yaliyompita, hutuonyesha watu wa kawaida wa nchi hizi katika sura ambayo vitabu vingi vimewanyima.

Magazeti ya Kiswahili yana umri mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Msimulizi lilianza kutolewa mwaka 1888 huko Kiungani, Unguja, katika chuo cha misheni ya Kianglikana ya UMCA, ambako wengi miongoni mwa wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto waliotolewa na manowari za Kiingereza katika majahazi ya biashara ya watumwa. Watoto hao walikua, wakawa walimu, wakapelekwa katika vituo vya Magila, Masasi na Nyasa, na kutoka huko wakaandika habari za safari, za shule, za wagonjwa, za majirani na za mavuno. Msomaji na asipite upesi hapa. Mtu ambaye katika utoto wake alihesabiwa kuwa shehena ya chombo sasa ndiye mwenye kalamu, na katika kalamu hiyo hasimulii msiba wake peke yake, bali hueleza mvua ilivyochelewa na wenzake walivyompokea njiani. Na katika ukawaida huo wa habari zake mna ushahidi mzito wa utu ambao biashara ile ilishindwa kuuvunja.

Baada ya Msimulizi likafuata Habari za Mwezi, lililotolewa Magila katika miaka ya 1890. Kisha mwaka 1904 likazaliwa Kiongozi huko Tanga, gazeti la serikali ya Kijerumani, lililopigwa chapa katika shule ya serikali, likasomwa na walimu, makarani na maakida waliotawanywa pwani na bara. Mwaka 1910 wamisionari wa Kilutheri walianzisha Pwani na Bara, na Wakatoliki wakaanzisha Rafiki Yangu. Vita Kuu ya Kwanza viliyanyamazisha magazeti hayo, na utawala ulipogeuka, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo mwezi wa Januari mwaka 1923, gazeti la kila mwezi ambalo liliishi hata zama za uhuru, na ambalo watafiti wa maisha ya zamani wamelirudia mara nyingi kuliko mengine yote. Mambo Leo lilikuwa mali ya serikali, nalo halikuficha jambo hilo. Liliwafundisha watu kilimo, afya, adabu na utii. Lakini gazeti haliwezi kusomwa na watu wengi kwa muda mrefu bila ya kuwafungulia mlango wasomaji wenyewe, na mlango ulipofunguliwa, waliingia na mambo ambayo mwenye nyumba hakuyaagiza.

Kanuni ya kwanza ya kusoma sahifa hizi ni hii, kwamba katazo ni shahidi wa tendo. Hakuna mtu anayekataza jambo lisilofanywa na yeyote, na jambo linalokatazwa mwaka hata mwaka ni jambo ambalo watu walikuwa wakilifanya kwa furaha, wakalishika juu ya maonyo yote. Mfano ulio bora wa haya unapatikana Mombasa. Huko Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni ambaye baadaye, mwaka 1937, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, kwa nia ya kuitengeneza hali ya Waislamu wa mwambao. Na baadhi ya makala yake yakakusanywa katika kitabu cha Uwongozi, kilichotolewa mwaka 1944. Sheikh aliwalaumu watu wake kwa israfu ya arusini na matangani, kwa kupuuza elimu, ya wanawake pamoja na ya wanaume, na kwa kuiga mambo ya kigeni pasipo kuchagua. Anayemsoma kwa ajili ya dini atapata mawaidha. Anayemsoma kwa ajili ya tarikhi ya maisha atapata, ndani ya mawaidha yale yale, mji mzima unaosherehekea: karamu zinazozidi uwezo wa wenyewe, deni linalochukuliwa ili jirani asije akasema, misiba inayofanyiwa gharama kama furaha, na vijana wanaojaribu mavazi mapya huku wazee wakikunja nyuso. Sheikh alikusudia kuliondoa jambo; kumbe alilihifadhi, kwa kuwa alilieleza kwa bidii ya mtu aliyeliona kwa macho yake.

Kanuni ya pili yahusu barua. Katika Mambo Leo wasomaji waliandika kutoka miji mikubwa na vituo vidogo, wakatia majina yao na mahali walipo, wakajibizana mwezi kwa mwezi, hata mtu wa Lindi akawa na hasimu wake wa maneno huko Tabora ambaye hakupata kumtia machoni. Majibizano yao juu ya dansi, katika miaka ya 1940 na 1950, yanastahili kusomwa na kila mtu anayedhani kwamba hitilafu ya wazee na vijana ilianza katika zama zake. Kabla ya hapo mwambao wote ulikuwa umekwisha kuona beni, ngoma ile ya vyama vyenye maofisa na sare, kama vile Marini na Arinoti, ambayo nayo ilikuwa imelaumiwa katika wakati wake. Sasa ilikuja dansi ya muziki wa bendi, ya mume na mke kushikana, ya suti na viatu na kiingilio mlangoni. Mmoja aliandika kwamba ni aibu, na kwamba inawapotosha wake za watu; mwingine akajibu kwamba ndiyo alama ya ustaarabu, na kwamba mwenye kuipinga hajui dunia inakokwenda; na wa tatu akauliza kama ustaarabu umo katika nguo na miguu, au umo katika tabia na elimu. Haikuwa serikali iliyowaamrisha kuuliza swali hilo. Waliliuliza wenyewe, wakalipima wenyewe, na maneno waliyolipimia, heshima, adabu, haya na maendeleo, ndiyo maneno ambayo baadaye yalitumiwa katika mikutano ya siasa walipoanza kuuliza nani ana haki ya kuwatawala.

Na mahali ambapo barua ilikuwa nzito kupita, shairi lilipita. Wageni waliozoea magazeti ya Ulaya hustaajabu kuona jinsi mashairi yalivyopewa nafasi katika magazeti ya Kiswahili, lakini mtu aliyelelewa katika lugha hii haoni ajabu, maana shairi kwetu ni njia ya kuzungumza hadharani, lenye kumpa msemaji staha na kumkinga kwa wakati mmoja. Shaaban Robert, aliyekuwa akifanya kazi ya forodha na kukaa katika miji kama Pangani, alitoa mashairi yake katika Mambo Leo kabla jina lake halijawa jina la vitabu. Saadani Kandoro na Kaluta Amri Abedi walijulikana kwa wasomaji kwa njia kama hiyo. Na Khamis Akilimali alitumia lakabu ya Snow-White, iliyozoeleka hata ikashikamana na jina lake. Walioandika mashairi hayo hawakuwa malenga wakubwa peke yao. Makarani, walimu, maaskari na wafanya biashara waliuliza kwa beti na kujibiwa kwa beti: ipi bora, mali au elimu, mke aongozwe vipi, rafiki wa kweli ajulikane kwa dalili gani, vita vitakwisha lini. Mwanachuo wa fasihi atayahukumu mengi ya mashairi hayo kuwa dhaifu, na pengine atakuwa na haki. Lakini kwa mwenye kutafuta maisha ya kila siku shairi dhaifu lina faida yake, maana mtungaji asiye fundi sana hushindwa kuficha alichokuwa akikihofia.

Kanuni ya tatu ni ya hesabu. Bei zilizochapishwa magazetini huonekana kama maneno makavu, na wasomaji wengi huziruka. Kumbe ndizo zinazotwambia kilichokuwa kikiwakosesha watu usingizi. Ila bei haisomwi peke yake, kwa kuwa fedha yenyewe haikukaa mahali pamoja. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha hesabu ya zamani ya kuigawanya rupia kwa pesa 64, wakaigawanya kwa heller 100. Baada ya vita Waingereza walileta florini, ambayo haikudumu. Na katika mwaka 1921 na 1922 ikaingia shilingi ya senti 100, shilingi mbili zikishika mahali pa rupia moja. Kwa hiyo mtu mzima wa Tanga aliyeshika toleo la kwanza la Mambo Leo mkononi mwake alikuwa amekwisha kuhesabu kwa pesa, kwa heller, kwa florini na kwa shilingi, na kila mageuzi yalimtaka ajifunze upya kiasi cha thamani ya kazi yake mwenyewe. Tena bei haina maana mpaka iwekwe kando ya ujira na kando ya kodi. Kodi ya nyumba iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1898 ilikuwa rupia 3, na mtu asiye na rupia alilazimika kuuza kitu au kujiuza mwenyewe kwa miezi ya kazi. Msomaji anayesoma bei ya mtama pasipo kukumbuka kodi hiyo atadhani kwamba mkulima alikuwa akichuma faida, wakati ambapo huenda alikuwa akiuza chakula cha watoto wake.

Bidhaa nazo husema. Matangazo ya biashara, ambayo yaliongezeka kadiri miaka ilivyokwenda, ni kitabu cha tamaa za watu. Baiskeli, cherehani, taa, sabuni, dawa za maumivu, saa za mkononi, santuri: vitu hivyo havikutangazwa kwa wasioweza kuvinunua kabisa, wala kwa wanaovinunua bila ya kufikiri, bali kwa watu walio baina ya hali hizo mbili, karani mwenye mshahara mdogo, mwalimu, fundi, mwenye shamba la kahawa au la karafuu, ambao wangeweza kukipata kitu kwa kujinyima. Mtu akitazama matangazo ya miaka 20 kwa utaratibu, huona jinsi kitu kinavyoanza kuwa fahari, kikawa haja, kikawa cha kawaida hata hakitangazwi tena. Na tarikhi hiyo ya mahitaji haikuandikwa mahali pengine popote.

Kanuni ya nne, ambayo bila yake zile nyingine hupotosha, ni kutosikiliza gazeti moja. Tarehe 18 Novemba 1937 lilitoka huko Dar es Salaam gazeti la Kwetu, likimilikiwa na Erica Fiah, mtu mwenye asili ya Uganda na mwenye duka, ambaye mwaka 1934 alikuwa amekwisha kuanzisha chama cha Waafrika cha maslahi na biashara. Lilikuwa gazeti la kwanza la Tanganyika lililomilikiwa na Mwafrika, nalo likaendelea hata mwaka 1951. Mwenye kuliweka Kwetu kando ya Mambo Leo huona mji mmoja kwa macho mawili. Katika Mambo Leo, mji ni mahali pa shule mpya, maonyesho ya kilimo, ziara za wakubwa na mashauri ya usafi. Katika Kwetu, mji ule ule ni mahali pa ujira usiotosha, pa wenye maduka wanaopandisha bei, pa Mwafrika anayenyimwa nafasi ya kufanya biashara katika nchi yake. Hakuna lililosema uwongo mtupu. Lakini msomaji aliyelisikia Mambo Leo peke yake angeiona nchi inayokwenda taratibu kwa shukrani, na asingalifahamu hata kidogo ilikotoka nguvu ya watu walioanzisha chama cha TANU mwaka 1954.

Kisha iko kanuni ya kimya. Kila sahifa ina watu ambao haikuwataja, nao mara nyingi ndio walio wengi. Wanawake walizungumzwa sana katika magazeti hayo, wakashauriwa, wakasifiwa, wakalaumiwa kwa mavazi yao na kwa kwenda dansini, lakini barua zilizotiwa saini na wanawake wenyewe ni chache, na kila moja ya hizo chache ni johari. Manamba wa mashamba ya mkonge, waliobeba uchumi wa Tanganyika mabegani mwao, hawakuwa na nafasi ya kuandika, na wengi wao hawakufundishwa kusoma. Watu wa bara ambao Kiswahili haikuwa lugha ya nyumba zao walisema kwa lugha nyingine, au hawakusikiwa. Na kimya kingine kilitokana na hofu, kwa kuwa sheria ililinda utawala dhidi ya kalamu: mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa na kutozwa faini kwa yale aliyoyaandika juu ya maofisa wa serikali katika Sauti ya TANU, na kama mtu mwenye chama nyuma yake alifanywa hivyo, karani wa bomani alijua fika ni maneno gani yasiyofaa kupelekwa kwa mhariri. Msomaji mwenye insafu, basi, hasemi kwamba jambo halikuwako kwa kuwa halikuandikwa. Huuliza ni nani ambaye angeliandika, na angelipwa nini kwa kuliandika.

Ijapokuwa magazeti hayo yalikuwa na wasomaji wachache kwa hesabu ya nakala, haifai kuyadhania kuwa mali ya wasomi peke yao. Nakala moja ilipita mikono mingi, na aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua, barazani, dukani au chini ya mti, wakasikiliza, wakapinga, wakamtaka arudie. Na aghalabu barua iliyofika kwa mhariri ilikuwa na maneno ya watu kadhaa juu ya saini ya mmoja. Ndiyo sababu mjadala wa magazeti ulienea katika nchi ambayo shule zake zilikuwa haba.

Hazina hii yote imeandikwa juu ya karatasi duni. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa rojo ya mti iliyo na asidi ndani yake, na asidi hiyo huila karatasi polepole, ikaigeuza rangi na kuifanya ivunjike mikunjoni. Joto na unyevu wa mwambao huharakisha kazi hiyo, na mchwa na mende humaliza kilichosalia. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa huko Nairobi, na Nyaraka za Zanzibar zimehifadhi sehemu kubwa, na nyingine zimo katika maktaba za London. Lakini bado yamo majumbani mwetu, katika masanduku ya marehemu babu na juu ya makabati ya walimu waliostaafu, matoleo ambayo wenye nyumba wanayahesabu kuwa takataka. Anayeyakuta asiyakunje upya, asiyatie gundi wala utepe wa kunata, asiyaweke juani; ayalaze mahali pakavu baina ya karatasi safi, ayapige picha, na awaarifu wahifadhi wa nyaraka walio karibu naye. Wajibu huu hauhitaji elimu kubwa, wahitaji uangalifu tu, na kila mwaka unaopita bila ya kuutimiza huondoka na sauti ambazo hazitapatikana tena.

Sababu ya kuyatunza si mapenzi ya vitu vikuukuu. Tumerithi masimulizi mawili juu ya watu wa kawaida wa zama za ukoloni, na yote mawili ni mafupi kuliko ukweli: la kwanza huwafanya watoto waliongojea kufundishwa, na la pili huwafanya wahasiriwa waliongojea kukombolewa. Magazeti ya kale hukanusha yote mawili kwa ushahidi wa mkono wa watu hao wenyewe. Walikuwa wakipima faida na hasara, wakichagua lipi la kigeni walichukue na lipi walikatae, wakilaumiana kwa ukali na kusameheana, wakibishana juu ya heshima ya mtu itokane na nini, na mabishano hayo waliyaendesha kwa adabu ya lugha, baina ya miji iliyo mbali, chini ya utawala ambao haukuwaomba maoni. Uhuru ulipokuja, haukuwakuta watu wasiozoea kuzungumza juu ya mambo yao. Uliwakuta wamekwisha kuyazungumza kwa zaidi ya miaka 70, na maneno yao yamo sahifani, yakingoja msomaji mwenye subira na insafu.